Ile Sauti Iliyobaki Kwenye Mipangilio

Jumanne, Nsemulwa. Joto, vumbi, umeme upo. Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Juzi tulianua matanga ya mume wangu, baba Neema, na wazee wa ukoo wake wakaja kutoka Ugalla kugawa vitu vyake. Mizinga ya nyuki kwa baba mdogo, koti kwa binamu, kompyuta kwa shemeji Sosi. Mimi naitikia tu. Machozi hayakuja, na mawifi walikuwa wananitazama.

Shemeji anakuja kuichukua kesho asubuhi. Kanipigia: "Shemeji, vitu vyenu vya ndani vitoe, niikute nyeupe." Haya.

Nimekaa nayo hapa steshenari tangu asubuhi. Programu hazikunisumbua. Ya kadi za harusi, ya muziki, kila moja ina alama yake pale mbele, unaifungua, unaifunga, inaishi kivyake. Nimeziweka kwenye kompyuta ya dukani, huku nikafuta. Nikajua nimemaliza.

Wapi!

Mchana, kwa mazoea, nikachapa barua ya mteja kwenye hiyohiyo ya marehemu. Kioo kikafifia, maneno yakatokea: "Mama Neema, pumzisha macho. Kunywa maji." Baba Neema aliniwekea kipindi macho yananisumbua. Nilikuwa nayafunga bila kusoma, namwambia aache kunipigia kelele.

Nimetafuta alama yake, haipo. Hii si programu ya kujitegemea. Ni nyongeza, imepachikwa ndani ya mipangilio ya mashine, huko kwenye saa na sauti na mwanga. Huiiti. Mashine ikiwaka tu, nayo ipo kazini. Kuitoa lazima uingie kwenye mipangilio, ushuke mpaka chini kabisa. Nimeshuka. Kitufe cha kuondoa nimekiona.

Sikukibonyeza. Nikaenda kunywa maji.

Kompyuta ya dukani naweza kuiwekea nyongeza kama hiyo, nikaandika maneno yaleyale. Lakini nitakuwa nimeyaandika mimi.

Jamani, baba Neema.

Shemeji ataichukua hivyohivyo. Akikuta mashine yake inanisemesha mimi, nitamwambia sijui inatolewa wapi. Ni uongo, na sioni aibu.

Sasa hivi jua limepungua, wateja hamna. Kompyuta nimeiacha inawaka. Itaniita mara moja tena kabla sijafunga duka, na safari hii pia nitasoma.