Roshani ya Doña Migdalia katika Mtaa wa Roma

CHAMA CHA DANSI YA DANZON "MWENDO WA POLE", ALVARADO, JIMBO LA VERACRUZ

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMATANO TAREHE 15 MEI 2019, UANI KWA MWENYEKITI

WALIOHUDHURIA
1. Don Evaristo Lagunes – Mwenyekiti
2. Don Crisóforo Zamudio – Mweka Hazina
3. Doña Eneida Lara – Mjumbe (mavazi)
4. Doña Migdalia Tejeda – Mjumbe (mafunzo ya dansi)
5. Hortensia Uscanga – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Don Plutarco Mojica – hakutoa udhuru. Sauti yake ilisikika nje ya geti wakati wa ajenda ya pili, akibishana na muuza barafu.

KUMB. NA. 1/5/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 11:20 jioni, baada ya feni kupatikana. Aliwakumbusha wajumbe kwamba watu wa Alvarado wanajulikana nchi nzima kwa matusi, na kwamba si lazima kila kikao kithibitishe sifa hiyo. Doña Eneida alijibu kwa neno moja. Katibu hakuliandika, na atafanya hivyohivyo kwa mengine ya aina hiyo.

KUMB. NA. 2/5/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Doña Eneida aliomba neno "alifoka" lifutwe, mahali pake paandikwe "alichangia kwa msisitizo". Doña Migdalia alisema alikuwepo, na kule kulikuwa ni kufoka. Kura zilipigwa na ombi likakataliwa. Doña Eneida alifoka. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/5/2019: MTAA WA KULALA MJI MKUU
Mwenyekiti alieleza kwamba chama kimealikwa mwezi Juni kwenye mkutano wa vyama vya danzon vya nchi nzima, Uwanja wa Ciudadela, Mji wa Meksiko, na kwamba wanachama watalala huko usiku tatu. Alikumbusha kuwa safari iliyopita chama kililala juu ya ukumbi wa karaoke. Wanawake walicheza macho yamevimba, Don Plutarco alisinzia amesimama katikati ya muziki, na watu wa bandari ya Veracruz wanalisimulia jambo hilo mpaka leo. Kwa hiyo mtaa uchaguliwe kwa akili.

Mweka Hazina alipendekeza nyumba za wageni zilizo karibu na kituo kikuu cha mabasi, kwa hoja kwamba mtu akishuka kwenye basi anaangukia kitandani. Doña Eneida alimuuliza kama ameshawahi kulala karibu na kituo cha mabasi. Mweka Hazina alisema ameshawahi. Aliulizwa kama alilala. Alisema hilo ni swali jingine.

Mwenyekiti alipendekeza mtaa wa Roma. Alisema una miti, migahawa ya kukaa nje, na mtu anaweza kutembea kwa miguu mpaka uwanjani bila kukatika pumzi kwa mwinuko wa mji ule.

Mweka Hazina: "Roma? Tunaenda kucheza au kutubu?"

Doña Eneida aliunga mkono Roma. Alisema hakuna sababu ya kubahatisha wakati kamati ina mtu aliyekaa mtaa huo miaka miwili, na nyumba yenyewe ilikuwa na roshani. Wajumbe wote walimgeukia Doña Migdalia.

KUMB. NA. 4/5/2019: USHAURI WA DOÑA MIGDALIA
Doña Migdalia alieleza kwamba Roma haifai. Alitoa sababu zifuatazo: ardhi ya pale hutikisika kuliko mahali pengine, mbwa wa pale huvalishwa makoti, kahawa inakuja kwenye kikombe cha mwanasesere. Alipendekeza mtaa wa Coyoacán, kwa sababu ya aiskrimu.

Mwenyekiti alishangaa. Alisema kwa muda wote anaomfahamu, Doña Migdalia amekuwa akiisifu Roma, hata kwenye mazishi.

Doña Eneida alisema Coyoacán ni mbali na uwanja, na kwamba yeye anataka Roma, na si Roma yoyote tu, bali barabara ileile na, ikiwezekana, nyumba ileile. Alieleza kwamba ameshamwomba binamu yake aliyeko huko apite aangalie kama mwenye nyumba bado yuko hai. Alichohitaji sasa ni namba ya mlango.

Doña Migdalia: "Namba nimesahau."

Doña Eneida: "Basi jina la mwenye nyumba."

Doña Migdalia: "Alikuwa mama mmoja mnene."

Doña Eneida: "Shoga, miaka miwili, na kodi ulikuwa unampa mama mmoja mnene?"

Doña Migdalia alisimama, akasema anakwenda kunywa maji. Jagi la maji lilikuwa mezani. Alielekea nyuma, kwenye kamba za nguo. Mwenyekiti alimwomba Katibu amfuate, na Mweka Hazina aandike kwa muda.

[Mwandiko wa Mweka Hazina] Katibu katoka. Mimi Crisóforo naandika. Hakuna linaloendelea. Mwenyekiti kamwambia Eneida kamchokonoa mwenzake. Eneida kasema hajamchokonoa mtu, kauliza swali tu. Kasema na neno. Mwenyekiti kala tamali ya mahindi. Eneida hajala, jambo la ajabu. Bado napendekeza kituo cha mabasi.

Katibu alirejea pamoja na Doña Migdalia. Alikuwa amemweleza Doña Migdalia kwamba kamati inaweza kuachana na suala hili bila kuandika chochote. Doña Migdalia alikataa. Alisema, "Andika, Hortensia. Nimeubeba mzigo huu mpaka mabega yamechoka."

KUMB. NA. 5/5/2019: MAELEZO YA DOÑA MIGDALIA
Yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Sikukaa Roma. Nilikaa Neza, kule ukingoni mwa mji, kwa shangazi yangu, chumba kimoja cha mabati. Ilikuwa mwaka sabini na tatu, hakuna lami, hakuna bomba. Mvua ikinyesha ni tope mpaka magotini. Isiponyesha, lile vumbi la chumvi linaingia mpaka kwenye maharage. Nilikuwa nashona vifungo kiwandani. Roma nilikuwa napita Jumamosi kumpelekea mteja wa shangazi nguo zake. Kulikuwa na roshani moja ina maua. Nasimama chini naiangalia. Mwenyewe akimwagilia ananimwagilia na mimi."

Mwenyekiti aliuliza ilikuwaje basi.

"Simu ya hapa si mnaikumbuka? Ilikuwa moja tu, dukani kwa Don Tacho. Mama hasikii vizuri, Don Tacho anamrudishia kila neno kwa sauti, na nyuma yao foleni nzima inasikiliza. Mama kaniuliza, 'Unakaa wapi, mwanangu?' Ningesema nakaa kwenye vumbi? Niliondoka hapa nimesindikizwa na bendi! Nikasema Roma. Nikamsikia Don Tacho anatangaza, 'Roma! Anasema Roma!' Foleni yote ikafanya aaah. Sasa ile aaah ningeirudishaje?"

Mweka Hazina aliuliza kuhusu roshani. Doña Migdalia alijibu kwamba roshani aliiongeza kwenye simu ya pili.

Mwenyekiti aliuliza kama hata danzon hakujifunza kwenye zile kumbi kubwa za mji. Doña Migdalia alisema alijifunza hukohuko Neza, kwenye uwanja wa udongo nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Aliyenyanyua mguu alitimua vumbi, na aliyetimua vumbi alifukuzwa, kwa hiyo watu walijifunza kuutelezesha mguu bila kuunyanyua. Ndiyo hatua anayowafundisha wanachama.

Mwenyekiti alisema amekuwa akiwaeleza wageni kwamba hatua hiyo ilitoka kwenye kumbi za Havana. Aliomba sentensi hii isiandikwe.

Doña Eneida alikuwa amenyamaza, jambo ambalo Katibu hajawahi kuliandika tangu ashike kalamu. Doña Migdalia alimwambia aseme tu anachotaka kusema, acheke, amalize.

Doña Eneida: "Nicheke nini? Unajua umenifanya nini wewe mwanamke? Mimi nje ya Alvarado nimelala hospitali tu. Safari iliyopita wenzangu mmekwenda, mimi nimebaki na mume wangu Rigoberto anaumwa. Tunapiga pasi sketi, wewe unasimulia, mimi niko kwenye hiyo roshani! Usiku anakohoa, silali, najiendea zangu Roma. Napanda ngazi, zile zenye vigae vya kijani, nakaa zangu pale napigwa upepo. Miaka yote hiyo, kumbe nimekaa kwenye roshani ya watu!"

Doña Migdalia: "Vigae vya kijani?"

Doña Eneida: "Hivyo nimeongeza mimi."

Hapo Doña Migdalia alicheka, kisha Doña Eneida, kisha wote wawili wakafuta macho kwa kitambaa kimoja cha meza, mali ya Mwenyekiti. Yalisemwa maneno mengi ambayo Katibu hakuyaandika. Hakuna lililokuwa la kugombana.

KUMB. NA. 6/5/2019: UAMUZI
Doña Eneida alitoa hoja kwamba chama kilale Roma, kwenye nyumba yoyote yenye roshani upande wa barabarani, na chumba hicho apewe Doña Migdalia. Alieleza: "Alale pale. Akirudi aseme alikaa Roma, na iwe kweli. Aliyesema uongo ni yule wa mwaka sabini na tatu, si huyu."

Mweka Hazina alipinga. Alisema mtu aliyelala mahali usiku tatu hajakaa, amelala. Mwenyekiti alitoa mwongozo kwamba katiba ya chama haielezi tofauti hiyo.

Doña Migdalia alisema hataki kuonewa huruma. Doña Eneida alimuuliza huruma inatoka wapi, wakati chumba ni cha vitanda viwili na kitanda cha karibu na roshani ni chake yeye. Doña Migdalia alisema hilo litajadiliwa. Doña Eneida alisema halitajadiliwa.

Doña Migdalia alikubali kwa sharti moja, kwamba Jumapili asubuhi, kabla ya basi, anayetaka amsindikize Neza akaone kama ule uwanja bado upo. Alisema ameambiwa siku hizi kuna lami kila mahali, na angependa kuikanyaga.

Walioafiki: wanne. Aliyepinga: Mweka Hazina. Hoja ilipita. Mweka Hazina aliomba iandikwe kwamba alipinga lakini Neza atakwenda.

KUMB. NA. 7/5/2019: KUSOMWA KWA KUMBUKUMBU HIZI
Katibu aliomba mwongozo, kwa kuwa kumbukumbu husomwa mbele ya wanachama wote. Mwenyekiti alipendekeza kipengele cha tano kirukwe. Doña Migdalia alisema kisomwe chote, tena kwa sauti, maana mji huu ulisikia la kwanza dukani na una haki ya kusikia la pili. Iliafikiwa.

KUMB. NA. 8/5/2019: MENGINEYO
Doña Eneida aliuliza mtu akishakaa kwenye roshani huwa anafanya nini. Doña Migdalia alijibu kwamba hajui, hajawahi kuwa nayo. Ilikubaliwa jambo hilo likaamuliwe hukohuko.

Kwa kuwa tamali zilikuwa zimekwisha na hakuna mjumbe aliyebaki na hasira ya kuendelea nayo, Mwenyekiti alifunga kikao saa 1:45 usiku.

Don Evaristo Lagunes ……………………
MWENYEKITI

Hortensia Uscanga ……………………
KATIBU