Ukuta Unaosomwa Kinyume

Duka la Mabati,
Barabara ya Mpondwe, Bwera, Kasese.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Latif,

Assalaam alaykum. Jina langu la biashara lilipotea Jumamosi ya tarehe 18 Januari, siku ile bosi wako Mfaransa alipoteremka ngazini na kuosha brashi zake. Nimetaka ulijue hilo kwanza, halafu tusalimiane kama watu.

U hali gani? Kifua kimepona? Baridi ya Saint-Étienne nimeiona kwenye picha zako, na koti lile ni jepesi, nunua lingine. Sisi hapa ni wazima. Mama anakula, anatembea, anagombana na kuku wa jirani. Mvua imekaribia, kila mtu anataka kuezeka, kwa hiyo mabati yanatoka. Nalalamika nikiwa nimeshiba, alhamdulillahi.

Na bosi wako mwenyewe, Mesie Anselme, sina ugomvi. Alikula matoke na sombe bila kuuliza kuna nini ndani, na kila alipopumzika alinisimulia kazi yake, Consolée muuza vitenge akitutafsiria. Alianza kijana, akichora kwenye milango ya chuma ya maduka yaliyofungwa, katika mji wa makaa ya mawe uliokuwa umelala kama Kilembe yetu tangu mgodi ufungwe. Polisi wakamkamata mara tatu. Mara ya nne mwoka mikate akamlipia faini, kisha akampa ukuta: nichoree maisha yangu, tangu unga hadi mkate. Akachora picha tano mfululizo, watu wakawa wanasimama kuzisoma kama hadithi. Kazi yake ikazaliwa hapo. Miaka thelathini sasa anamuuliza mwenye ukuta alianzaje, kisha anachora mwanzo mpaka leo. Siku hizi hata majumba ya makumbusho yanamwita, lakini anasema picha ya ndani huonwa na aliyelipa kiingilio, ya ukutani huonwa hata na mbuzi.

Nami nikamweleza nilivyoanza. Akachora picha sita kwenye ukuta wa duka langu: msichana miguu peku na mzigo wa kuni, yule yule na beseni la chumvi ya Katwe kichwani, kisha baiskeli yenye magunia, meza sokoni Mpondwe, lori, na mwisho duka hili, nami mlangoni na kitambaa cha manjano. Kweli Latif, nilipoiona machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Kosa ni lako. Kabla hajapanda ndege alikuuliza watu wetu wanasoma vipi, ukamjibu kwamba dada ni Mwislamu, anaanzia kulia. Naye, mtu wa heshima, akaanzia kulia. Latif, Kurani tunaisoma kutoka kulia. Bei ya mabati tunaisoma kutoka kushoto kama kila mtu.

Basi barabara nzima inaanza na duka na kumalizia na kuni. Watoto wa madrasa peke yao ndio wanaoipata hadithi sawa. Wengine wanaona tajiri aliyeshuka ngazi moja moja mpaka viatu vikamwisha. Mteja wangu wa Kasindi, kule Kongo wanakoita lori kamio, aliingia amevua kofia.

“Mama, pole sana. Ulikuwaka na kamio, sasa uko na kuni. Ni vita ao ni bwana?”

“Kamio iko nyuma pale, inashusha simenti.”

“Ile si ya mukopo?”

Na vijana wa boda wamenibandika jina. “Mama Zamani, panda tukupeleke bure.” Nikapanda, tena mpaka hospitali na kurudi. Walionitania wakajuta.

Nilicheka na wenzangu hadi mshenga alipokuja. Binti yangu Naswiba anaposwa na kijana fundi umeme wa Kasese, na mshenga wao, mzee Kakuru, aliusoma ukuta kabla ya kubisha hodi. Akaingia na sukari na mchele kama anayekuja matangani, akasema kwa upole kwamba familia yao haitatutegemea kwa sherehe, wanaelewa. Naswiba akajifungia chumbani. Anaogopa kuingia kwa watu kama mtoto wa kuhurumiwa, na neno la namna hiyo humfuata mwanamke mpaka anapata wajukuu. Wanakuja wote Jumamosi tarehe 22, magari matatu, na kitu cha kwanza watakachokiona ni ukuta.

Dawa ipo. Otim, mwandika vibao vya maduka, ataweka namba juu ya kila picha, moja mpaka sita, kuanzia kulia. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nilimpa Mesie Anselme mkono kwamba sitaongeza hata nukta bila ruhusa yake, naye alishasema hadithi inayohitaji namba imeshindwa. Mkono wangu sijawahi kuuvunja. Wakati wa zile kuni sikuwa na mtaji mwingine.

Najua unachoogopa: akisikia kosa lilianzia kwako, atakuondoa kazini. Ndiyo maana nikitaja ukuta kwenye simu, mtandao wako unakatika. Mwambie tu. Mtu aliyewahi kulipiwa faini na mwoka mikate hamfukuzi kijana kwa neno moja. Akikataa namba, nitapanga mabati mbele ya ukuta mzima, hilo halimo katika ahadi yetu. Ila nitakuwa nimewaficha wakwe maisha yangu mwenyewe, na hayo ndiyo niliyotaka wayaone.

Mama anakusalimu, anauliza kama kule kuna mihogo. Shangazi Jamidah wa Mweya anakusalimu, na Consolée vilevile. Naswiba hasalimii mtu kwa sasa. Allah akulinde na baridi, na akupe ulimi wa ukweli.

Nataka jibu moja, ndiyo au hapana, na litoke kinywani mwake, si mwako. Liwe limefika Alhamisi tarehe 20, kabla ya adhana ya alasiri hapa Bwera. Otim amekwisha kununua rangi.

Dada yako akupendaye bila punguzo,
Hanifah