Kuvu Kwenye Lenzi ya Baba

Manshiya, Iskandaria
9 Februari 1988

Kaka yangu Bahgat,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini jua la Aswani limeuponya mgongo wako na kwamba wifi na watoto hawajambo. Huku mvua haijakatika wiki ya pili. Baba anafungua studio kila asubuhi, anakohoa, na mpaka juzi hakutaka kusikia jina lako, tangu lenzi yake iote kuvu nawe ukafungasha virago. Miaka sita sasa.

Wiki iliyopita niliipeleka lenzi hiyo kwa Shenuda, fundi wa kamera, baba asijue. Laiti ungemwona yule mzee! Akishika kikombe cha chai mikono inatetemeka, lakini akishika bisibisi inatulia tuli. Alifungua pete moja baada ya nyingine, akatia alama ya penseli kwenye kila kioo kisije kikarudishwa kinyume, kisha akapangusa kwa pamba yenye dawa, kutoka katikati kwenda nje, pamba mpya kila mara. Ile mizizi myeupe ya kuvu ikatoka yote. Kioo kimoja tu kilibaki na makovu. Nilipomwomba asugue zaidi, aliniuliza kama nimemletea lenzi au sufuria. Nilimpenda palepale.

Nikamsimulia jinsi kaka yangu alivyoipeleka ufukweni ikaharibika. Akacheka sana. Alisema chumvi ingekula skrubu kwanza, na skrubu zote ni safi. Lenzi hii ilifungiwa ikiwa mbichi ndani ya mfuko wa ngozi, gizani, miezi mingi. Akaniuliza, "Binti, nani huyo aliyeipenda mpaka akaizika?"

Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe: ni mimi. Ulipoirudisha kutoka ufukweni ilikuwa nzima. Baba alipolazwa hospitali niliifuta kwa kitambaa kibichi, nikaifunga kwenye mfuko wake, nikaificha kabatini chini ya nguo, nikidhani naitunza. Baba alipokulaumu niliogopa, nikanyamaza, hata wewe ukaamini ni kosa lako. Nisamehe, kaka. Nimekuonea.

Jana nilimwambia baba kila kitu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliifunga lenzi kwenye kamera, akakiweka kiti mbele ya pazia, akasema asikikalie mtu: picha ya kwanza ni ya Bahgat. Tangu asubuhi wateja wanasubiri nje, na baba amekataa kumpiga picha yeyote.

Msalimie sana wifi, na uwabusu wanao kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako mwenye hatia,
Nagwan