Nafasi ya Habari Moja

Kashai, Bukoba
9 Juni 1956

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na goti limeacha kukusumbua sasa mvua zimekatika. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo. Ndizi ulizotuma na lori zilifika zote. Bibi Mastura, mwenye nyumba wangu, alikula akazisifu, naye si mtu wa kusifu.

Unaniuliza kama ni kweli yale yaliyosomwa katika gazeti la wilaya hapo sokoni Kamachumu, kwamba Mushumbusi alikuja barazani amelewa pombe ya lubisi hata akashindwa kusimama. Unasema ulicheka mpaka machozi, ukamshukuru Mungu. Maneno yako hayo niliyasoma mara tatu.

Najua hujasahau. Mushumbusi alipokuwa mhariri aliandika hivyo hivyo juu ya Baba, kwa sababu tu Baba aliuliza mbele ya Bwana DC kwa nini kodi imepandishwa. Baba huyu aliyekuwa akinusa hata maji ya ndizi kabla ya kunywa, yasije yakawa yamechacha! Usharika ukamvua uzee wa kanisa. Alipopeleka barua ya kujibu, Mushumbusi alimwambia gazeti ni la serikali, halina nafasi ya malalamiko ya watu.

Baba akamjibu, "Karatasi hiyo imenunuliwa kwa kodi yangu."

Tarishi akaambiwa amtoe nje. Baba alikufa na aibu ile. Nilipoomba kazi katika ofisi hiyo hiyo, ndugu walisema sina haya. Niliwaacha waseme.

Mwezi uliopita mhariri wa sasa aliugua, nikaachiwa toleo moja peke yangu. Mushumbusi amestaafu, na usharika wake ulikuwa umemteua awe mzee wa kanisa. Sasa hawamtaki. Alikuja ofisini na barua ya kujibu, akinung'unika kwamba ameonewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimwambia gazeti halina nafasi. Wala sikuinua macho.

Mama, Mushumbusi hakulewa. Alikaa nyuma kabisa barazani, hakunywa kitu. Habari ile niliitunga mimi, nikanakili maneno aliyoandika juu ya Baba, nikabadilisha jina tu.

Tena liko jingine. Katika kabati la ofisi niliikuta barua ile ya Baba ya kujibu, wala haikuchanwa. Ukurasa wa toleo lile ulikuwa umebaki na nafasi ya habari moja. Niliziweka karatasi mbili mezani, ya Baba na ile ya uongo, nikampa mpiga chapa ya uongo.

Sijuti kumuumiza yule mzee. Lakini mhariri amerudi kazini, na toleo jingine sitaachiwa. Barua ya Baba nimeitia humu. Mdogo wangu Klaudia akusomee polepole, maana hakuna mwingine atakayeisikia.

Wasalimie jirani zetu wote, na shangazi Kokuberwa usimsahau. Bibi Mastura anakusalimu.

Mimi mwanao,
Nathanael