Kwa Mama, Aliyekataa Jirani Asingiziwe

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu ulipotutoka, na Baba bado anakutolea kikombe chako cha chai kila asubuhi, kisha anakirudisha kabatini.

Asante kwa kutulea. Asante hata kwa yale masomo ya mezani ambayo hatukuyaomba. Ulituambia kuna taa za mbali kupita kiasi angani, zinaitwa kwasa, na mwanga wake ukipita kwenye galaksi njiani, galaksi hiyo inaumega kidogo. Ukiutandaza mwanga huo ukawa rangi, pale palipomegwa utaona mstari mweusi, na mahali ulipo mstari huo ndipo panapoonyesha umbali wa aliyemega. Kazi yako ilikuwa kumtafuta aliyemega.

"Dada, kitu chenyewe hakionekani wala hakiliki, unakitafutia nini?" mdogo wako, fundi cherehani, alikuuliza siku moja.

"Kimekula mwanga wa watu," ukamjibu. "Lazima kijulikane."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Ofisini nako wakakubandika jina la Mpelelezi.

Kuna mstari mmoja uliokukosesha raha miaka mingi. Wenzako walishaamua kwamba mhusika ni galaksi kubwa inayoonekana wazi kando ya kwasa. Wewe ulikataa katakata, maana umbali wa galaksi ile haukulingana na umbali ulioonyeshwa na mstari. "Mnamsingizia jirani kwa sababu ana mwili mkubwa," uliwaambia. Ulisema mhusika ni mdogo, amejificha kwenye mng'ao wa kwasa yenyewe. Ukaugua hujampata. Hospitalini, mwenzako wa ofisini alipokuja kukuona, hata salamu hukumaliza. Ulimuuliza kama ameuondoa vizuri mng'ao wa kwasa kwenye picha. Tulijua kinachokuuma: kuondoka jirani akiwa bado anasingiziwa.

Nyumbani nako ulikuwa vivyo hivyo. Kitu kikipotea, hukuturuhusu kumnyooshea kidole aliyekuwa mtundu kati yetu. Wakati wa chakula ulikinga taa ya mezani kwa kiganja isikuumize macho, ukamtafuta aliyekaa kimya pembeni. "Na wewe, mbona huli?" Kitinda mimba wako, mkimya kuliko sisi sote, anasema kiganja kile ndicho kilichomlea.

Mwezi uliopita yule mwenzako alikuja na picha, jioni tukiwa mezani. Mng'ao wa kwasa umeondolewa, na ubavuni mwake kuna doa hafifu, dogo kama punje ya mtama. Wamelipima umbali wake, unalingana na mstari wako. "Mpelelezi alisema kweli," alisema, akaiweka picha mbele ya Baba.

Baba aliitazama picha ile mpaka chakula kikapoa. Kisha akakinga taa kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya, akatutazama mmoja mmoja hadi pembeni.

"Nani hajala?" akauliza.

Unakumbukwa na mume wako, mabinti zako, kitinda mimba wako, mdogo wako, wajukuu na wenzako wote wa kazini. Tunashukuru kwamba ulikuwa wetu, Mama. Maisha yetu yote tutakukumbuka.