Mwajuma Alitaka Nini

Mjukuu wangu Zubeda,

Marahaba. Sisi wazima, na mguu wa mama yako umepona.

Unasema mwalimu wako wa filamu amekurudishia hadithi ya Mwajuma, eti haeleweki anataka nini: aniokolee dagaa, halafu aache kunisalimia? Hata mimi sielewi, na huu ni mwaka wa arobaini.

Siku ile nilikwenda Mwandiga, mvua ikashuka Ujiji. Mwajuma, mwenzangu wa biashara, alifunika dagaa wangu walioanikwa vichanjani kwa turubai letu moja. Wake wakalowa wote. Nilipofika nikahesabu vichanja vyangu. Kumi na viwili, vikavu. Nikahesabu tena.

"Rudia na mara ya tatu, shoga," akasema. "Huenda nimekula kimoja."

Basi, kanikatia salamu mpaka leo. Alinipenda? Alinichoka? Kila jibu nikilipima halikai, na kinyongo ninacho, maana niliyeachwa ni mimi.

Jana nimesoma ulichoandika. Umeniweka nafika pale mvuani, nasema, "Ahsante, Mwajuma." Hilo sikulisema, mjukuu wangu. Lifute, kisha umpelekee mwalimu tena.

Bibi yako,
Ujiji