Kishale cha Rangi ya Chungwa

Jumanne, 8 Julai

Bado nahangaika na programu ya kuandikia msimbo wa tovuti. Ya kwanza nzito, laptop ikanguruma kama mashine ya kusaga. Ya pili nzuri, ila inataka nijifunze kila kitu upya, na mimi subira hiyo sina. Ya tatu ni ile anayoipigia debe Gasper, fundi wa kompyuta pale mtaa wa Mwanga. Nyepesi, inakaa kwenye laptop, haihitaji bando. Gasper akisifia kitu utadhani kakizaa yeye.

Nimerudi kwenye ile ya mtandaoni. Ndiyo niliyoizoea na Shabani, kaka yangu. Mnafungua faili moja watu wawili, kila mtu na kishale chake kinachotembea kwenye mistari. Changu cha kijani, chake cha chungwa. Wakati wa giza alikuwa mvuvi. Wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa, alikaa nyumbani tukatengeneza tovuti pamoja. Mwaka jana boti yao ilikutwa imepinduka ziwani, upande wa kijiji cha Mwamgongo. Yeye hakukutwa.

Jina lake sijalitoa kwenye programu. Siwezi.

Tovuti ya nyumba ya wageni ya Mzee Eliya bado. Tuliianza wote wawili.

Jumatano, 9 Julai

Baada ya alasiri. Nilikuwa sebuleni, napanga picha za vyumba. Kishale cha chungwa kikatokea. Juu yake jina: Shabani.

Kikasimama mstari wa chini yangu. Kikapepesa. Kikashuka taratibu mpaka mwisho wa ukurasa, kikapotea.

Nikafunga laptop. Nikatoka kukaa barazani. Mama sikumwambia. Siku hizi akishaswali alasiri hubaki chumbani kwake, mlango karudisha. Sikutaka kumtia hofu.

Ijumaa, 11 Julai

Jana kilikuja. Leo pia.

Leo kimeandika. Herufi j, nyingi, zimefuatana, katikati ya mstari wa rangi. Mstari uleule tuliokuwa tukiugombania. Mimi nataka bluu ya kung'aa. Shabani alisema ziwa halijawahi kuwa na rangi hiyo, ukifika mbali ni jeusi lenye ukijani ndani yake, na nani kati yetu analala juu ya maji?

Nikazifuta zile j. Kishale kikaruka nyuma kama mtu aliyeguswa begani.

Naogopa. Na nimefurahi. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwa Gasper. Anasema si ajabu, akaunti ya Shabani iko wazi kwenye kifaa fulani. Nimtoe, nihamie kwenye programu ya laptop, nipumzike.

Kifaa gani? Alikuwa na kishikwambi kimoja tu, na sote tunajua alikwenda nacho ziwani. Gasper akashika bisibisi, akarudi kwenye kazi yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kusifia.

Sijamtoa.

Jumatatu, 21 Julai

Giza limeingia. Wavuvi wote wako kazini. Kishale hakijaja tangu mwezi ulipopungua.

Yaani kimefuata ratiba ya Shabani. Nimeandika hivyo na nywele zimenisimama.

Asubuhi nilimgusia Mama habari ya hitima. Shehe anasubiri kauli yetu tu, watu wameshaanza kusema. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Nimsomee hitima mtu aliye kazini?"

Nikadhani ni uchungu unaosema.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbalamwezi. Mama kaanza tena kufunika sahani ya ziada, ugali na samaki wa mgebuka, hali hakuna anayekuja. Nimejifanya sioni.

Mzee Eliya kaja asubuhi na boti kutoka Mwamgongo, akanisalimia kwa kilugha. "Mwakeye, binti. Wageni wanauliza tovuti, niwaonyeshe nini, ukuta?" Ana haki. Nimemuahidi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nikikosa, kazi anampa mtu wa Dar.

Alasiri kikaja. Nikaandika kwenye mstari mtupu: Shabani?

Kishale cha chungwa kikasogea. Kikagusa mwanzo wa neno. Kikagusa mwisho. Kikakaa hapo hapo mpaka magharibi.

Hakijajibu. Nimelia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimejua.

Nilikuwa naandika, cha chungwa kinanifuata mstari kwa mstari. Nikatamani chai, na sukari hufungiwa kabatini. Nikaacha laptop wazi, nikaenda kumwomba Mama ufunguo wa kabati la jikoni. Nikasukuma mlango bila hodi.

Mama yuko juu ya mswala. Mapajani ana kishikwambi cha Shabani. Kidole chake kiko kwenye kioo.

"Usipige kelele. Kaka yako yuko kazini."

Hakwenda nacho ziwani. Alimwachia Mama akitunze, na Mama akakitunza. Anakichaji. Mbalamwezi ikifika anakifungua, maana ndio wakati wa mwanawe kuwa nyumbani.

"Huyu wa kijani ndiye yeye. Hukimbia, hurudi, hufuta. Ndivyo alivyo tangu mdogo." Akatazama kioo. "Umeona? Ulipoingia tu kaacha kuandika."

Mama husoma msahafu bila kukwama. Herufi za shule hazijui. Jina langu liko pale juu ya kijani, yeye anaona michoro kama wadudu tu.

Mwezi mzima nimemtazama Mama nikidhani ni Shabani. Na yeye alikuwa ananitazama mimi.

Sikumwambia kuwa ni mimi. Nikarudisha mlango. Nimesahau hata ufunguo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeweka ile programu ya Gasper. Inafunguka upesi, makosa inayaonyesha papo hapo, na mtandao ukikatika kazi haipotei. Gasper alisema kweli tangu mwanzo, sitampa raha ya kujua.

Lakini nikihamia, kijani kinasimama. Mama atakaa na kioo mapajani akimsubiri. Sasa hivi, kwake, Shabani yu hai. Nikifunga ukurasa nitakuwa nimemzamisha mimi.

Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemzamisha pia. Na nikiendelea, atafunika sahani mpaka anakufa.

Nimemchukia Shabani leo. Kwa muda mfupi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya alasiri nikafungua ile ya mtandaoni. Kwa mara ya mwisho, nilishaamua.

Cha chungwa kilikuwa kinanisubiri.

Nimeandika polepole. Ukurasa wa boti, aliouacha Shabani nusu, nimeumaliza. Nikapanda hadi mstari wa rangi, nikafuta bluu yangu, nikaweka yake. Nyeusi yenye ukijani. Cha chungwa kikaja kusimama kando, kikatulia.

Nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Nikakaa hapo. Mikono haikutaka. Nikanakili kazi yote kwenye laptop, nikafunga ukurasa.

Nyumba kimya. Nilisikia kuku wa jirani.

Mlango wa Mama ukafunguliwa. Kakumbatia kishikwambi kifuani, kimezimwa. Macho makavu.

"Kamaliza kazi," akasema. "Mwambie Shehe. Ijumaa tumsomee."

Nimemdanganya mama yangu. Najua.

Ijumaa, 15 Agosti

Hitima imesomwa. Watu walijaa, mchele ukatosha. Mzee Eliya alikuja pia, tovuti yake iko hewani tangu juzi. Kasema ziwa lake limetoka kama lilivyo.

Wageni walipoondoka nilikaa sebuleni kurekebisha makosa madogo. Programu ya laptop. Kishale kimoja, hakina jina.

Mama akaja nyuma yangu. Akatazama nikiandika, nikirudi, nikifuta. Sikuthubutu kugeuka.

"Hiki chako hakina rangi," akasema.

"Hakina, Mama."

"Afadhali. Kijani tumwachie kaka yako."

Akatoka kuanua nguo. Nikaendelea na kazi.